Sayari Iliyokwenda Kombo

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie kisa cha sayari iliyokataa kufuata ratiba, na jinsi ukaidi wake ulivyowaonyesha watu sayari nyingine ambayo hakuna aliyekuwa akiijua. Kisa hiki kina nusu ya pili, na hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi, maana ndani yake mtu mwenye akili nyingi alipita njia ile ile iliyompa ushindi mara ya kwanza, na mara hii ikampoteza.

Kabla hatujaondoka tuchukue neno moja la safari. Waingereza wana neno ambalo sisi tutalitamka anomali. Asili yake ni Kigiriki cha kale, na huko lilihusu kitu kisicho sawasawa, chenye miinuko na mabonde. Mkilikuta katika vitabu vya sayansi, linataja jambo lililotoka nje ya kanuni inayojulikana. Hayo maneno mawili ya mwisho myashike vizuri. Jua likipatwa mchana, kuku wakaenda kulala na watu wakatoka nje kushangaa, hilo ni jambo la ajabu kweli, lakini halina anomali yoyote, kwa sababu wanaastronomia walishaandika saa na dakika yake miaka mingi nyuma. Lisipopatwa siku hiyo waliyoiandika, hapo sasa ndipo watakapokosa usingizi. Watu wa hali ya hewa nao hulitumia neno hili. Huchukua wastani wa mvua ya mahali fulani kwa miaka mingi, mara nyingi miaka 30, na mwezi ukiisha hupima mvua ya mwezi huo imezidi au imepungua milimita ngapi kuliko ule wastani. Tofauti hiyo ndiyo anomali. Asiye na wastani wa kulinganisha ana mvua tu, iwe nyingi au chache.

Haya, twende Uingereza, mji wa Bath, mwaka 1781. Huko aliishi mwanamuziki aliyetoka Hanover, Ujerumani, jina lake William Herschel. Muziki ndio uliompatia riziki. Usiku alitazama nyota kwa darubini aliyoiunda mwenyewe, na vioo vyake alivisugua kwa mikono yake. Kazi ya kusugua kioo haikutakiwa kusimama katikati, kwa hiyo dada yake Caroline alikuwa akimlisha tonge kwa tonge huku mikono yake ikiendelea kusugua. Caroline naye, nisisahau kuwaambia, alikuja kuwa mwanaastronomia mashuhuri, akagundua nyota kadhaa zenye mkia.

Usiku wa tarehe 13 Machi, Herschel aliona kitu kilichokataa kubaki nukta kama nyota nyingine. Kila alipokikuza kwa lenzi kali zaidi, upana wake uliongezeka. Alidhani ni nyota yenye mkia. Wataalamu wakapiga hesabu za mwendo wake, wakakuta ni sayari. Tangu zamani za kale watu walizijua Utaridi, ambayo wengine huiita Zebaki, kisha Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hii ilikuwa sayari ya kwanza kugunduliwa kwa darubini. Ikaja kuitwa Uranus.

Kugundua sayari ni jambo moja; kuitengenezea ratiba ni jingine. Uranus hulizunguka Jua kwa miaka 84. Mtoto aliyezaliwa siku ile Herschel alipoiona angekuwa babu mwenye mkongojo kabla sayari haijarudi pale pale. Nani angeweza kusubiri? Ikawabidi wataalamu wapekue madaftari ya wazee waliowatangulia, na ndani yake wakakuta kitu cha kufurahisha. Uranus ilikuwa imeonwa mara kadhaa kabla ya Herschel, ila walioiona waliiandika kuwa nyota ya kawaida. Mmoja wao ni John Flamsteed wa Uingereza, mwaka 1690. Aliipima, akaiandika miongoni mwa nyota zake, akaendelea na kazi.

Mjini Paris, Alexis Bouvard alizikusanya rekodi hizo zote ili atengeneze majedwali ya kuonyesha Uranus itakuwa wapi mwaka gani. Alitumia kanuni ya mvutano ya Isaac Newton, kanuni iliyokuwa imeeleza mwendo wa Mwezi, wa sayari na wa nyota zenye mkia kwa zaidi ya miaka mia moja. Hesabu zikamgomea. Akizipatia rekodi za zamani, mpya zinakwenda kombo. Akizipatia mpya, za zamani zinakwenda kombo. Mwishowe akaziacha za zamani, akatumia zile za tangu 1781 peke yake, na majedwali yakachapishwa mwaka 1821. Namwelewa Bouvard. Ukiwa umechoka, ni rahisi kusema wazee walipima vibaya. Lakini haikupita miaka mingi Uranus ikayaacha na majedwali hayo mapya vilevile.

Iliyaacha kwa kiasi gani? Siku mwezi ukiwa mpevu, nyoosheni mkono wote na mnyanyue kidole cha mwisho mbele yake. Kidole hicho kitaufunika mwezi mzima na nafasi itabaki. Kufika mwaka 1845, Uranus ilikuwa imepishana na ratiba yake kwa umbali usiofika hata sehemu moja ya kumi ya upana wa huo mwezi. Hakuna mkulima wala baharia ambaye angeona lolote. Kwa wanaastronomia ilikuwa tofauti kubwa mno, kwa kuwa walijua Newton amekuwa sahihi kwa kiasi gani mahali pengine pote. Kadiri kanuni inavyokuwa imara, ndivyo ufa mdogo unavyotisha.

Mnaona sasa jinsi ya kulitumia lile neno? Mtu akikwambia ameona anomali, muulize maswali mawili: kanuni gani imevunjwa, na kwa kiasi gani? Akishindwa kujibu, basi huenda ameshangaa tu, na kushangaa si vibaya, ila ni kitu kingine.

Wako walioshuku kwamba pengine kanuni ya Newton hulegea huko mbali na Jua. Wengine walidhani kuna kitu kisichoonekana kinachoivuta Uranus. Fikirini watoto wawili wanaokimbia kuuzunguka uwanja, wa ndani mwepesi, wa nje mzito, wamefungwa kamba inayonyumbuka. Wa nje akiwa mbele, humvuta mwenzake aongeze mwendo. Wa ndani akishampita, kamba inamrudisha nyuma na mwendo unapungua. Uranus ilifanya hivyo hasa: ilikwenda haraka kuliko hesabu hadi kwenye mwaka 1822 hivi, kisha ikaanza kupunguza mwendo.

Vijana wawili wasiojuana, John Couch Adams wa Cambridge na Urbain Le Verrier wa Paris, wakaigeuza hesabu kichwa chini miguu juu. Kwa kawaida unaijua sayari, unatafuta inavyovuta. Wao walijua mvuto, wakatafuta sayari ilipo. Huko Cambridge, James Challis aliitafuta kwa darubini kiangazi cha 1846, na mwezi Agosti aliiona mara mbili, akaiandika, bila kutambua alichokiandika, kwa sababu alikuwa bado hajalinganisha kurasa za siku moja na za siku nyingine. Kila nikifika hapa moyo unaniuma. Jibu la swali lililowatesa wataalamu wa Ulaya lilikuwa ndani ya daftari lake mwenyewe.

Le Verrier alimwandikia barua Johann Galle wa kituo cha kutazamia nyota cha Berlin. Barua ilifika tarehe 23 Septemba 1846. Mkuu wa kituo, Johann Encke, alikuwa na sherehe ya siku yake ya kuzaliwa nyumbani, akatoa ruhusa darubini itumike. Mwanafunzi mmoja, Heinrich d'Arrest, aliomba amsaidie Galle, na ndiye aliyetoa wazo la kutumia ramani mpya ya nyota za sehemu ile ya anga, ramani ambayo ilikuwa haijasambazwa bado kwa vituo vingine. Basi wakagawana kazi. Galle aliweka jicho kwenye darubini, akataja nyota moja moja, mahali ilipo na mwanga wake. D'Arrest alikaa na ramani mezani, akiifuata kila nyota kwa kidole: ipo, ipo, hii nayo ipo. Kisha ikatajwa moja ambayo kidole hakikuipata. Ramani ilikuwa tupu mahali pale.

Usiku uliofuata wakaitazama tena, na ilikuwa imesogea. Ilikutwa chini ya digrii moja kutoka mahali Le Verrier alipopaandika kwenye barua, yeye aliyekuwa hajaitafuta kwa darubini hata mara moja. Hiyo ndiyo Neptune. Huchukua karibu miaka 165 kulizunguka Jua, na mzunguko wake wa kwanza tangu siku ile ulikamilika mwaka 2011.

Sasa nusu ya pili. Le Verrier akaigeukia Utaridi, sayari iliyo karibu na Jua kuliko zote, ambayo mwaka wake ni siku 88 tu. Njia yake ni duara lililobonyea, kwa hiyo kuna mahali ambapo sayari hulikaribia Jua kuliko pengine pote, na mahali hapo husogea mbele kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita. Sehemu kubwa ya kusogea huko husababishwa na mivuto ya sayari nyingine. Le Verrier aliijumlisha yote, ya Zuhura, ya Dunia, ya Mshtarii, na mwaka 1859 akatangaza kwamba kimebaki kipande kisicho na mwenyewe. Vipimo vya baadaye vilikiweka kuwa sekunde 43 za pembe kwa kila miaka 100. Chukua digrii moja, igawe vipande 3,600, kila kipande ni sekunde moja. Kwa mwendo huo, ingepita miaka zaidi ya 4,000 kabla kipande hicho hakijafikia upana wa mwezi mmoja angani. Nashindwa kuacha kustaajabia watu waliokuwa na subira ya kukipima.

Le Verrier angefanya nini? Alifanya kile ambacho mimi na ninyi tungefanya. Dawa iliyoponya Uranus aliinywesha Utaridi: kuna sayari nyingine, akasema, huko ndani karibu na Jua, haijaonwa kwa sababu ya mwanga mkali. Kabla mwaka haujaisha ikafika barua kutoka kwa daktari wa kijijini Ufaransa, Edmond Lescarbault, aliyesema ameona kitukitu cheusi kikipita mbele ya Jua. Le Verrier alisafiri hadi kwake, akamhoji kwa ukali, akatoka ameridhika. Daktari akapewa nishani ya taifa na sayari ikapewa jina, Vulcan. Ikawekwa vitabuni.

Kisha ikaanza kukosekana. Siku zilizotabiriwa kwamba itapita mbele ya Jua zilifika zikapita. Jua lilipopatwa nchini Marekani mwaka 1878, wanaastronomia wawili walidai wameiona, lakini waliotazama wakati wa kupatwa kwa Jua miaka iliyofuata hawakuona kitu. Le Verrier hakuishi kuyajua hayo ya 1878 na ya baadaye. Alifariki tarehe 23 Septemba 1877, miaka 31 kamili tangu usiku ule wa Berlin. Msimcheke. Hoja yake ya Vulcan haikuwa dhaifu kuliko hoja yake ya Neptune. Ni hoja ile ile, kutoka kichwa kile kile. Anomali humwambia mtu kwamba kuna kitu hakijui. Haimtajii kitu hicho ni nini.

Jibu la Utaridi lilipatikana Berlin tena, tarehe 18 Novemba 1915. Albert Einstein aliwasomea wanachama wa chuo cha sayansi cha huko hesabu iliyotokana na nadharia yake mpya ya mvutano. Katika nadharia hiyo, kitu kizito kama Jua huipinda nafasi yenyewe inayokizunguka, na sayari hufuata mpindo huo. Mbali na Jua tofauti kati yake na Newton ni ndogo sana. Karibu na Jua huongezeka. Aliitumia kwa Utaridi bila kuongeza sayari yoyote wala kurekebisha namba kwa hila, zikatoka zile sekunde 43. Aliwaambia rafiki zake kwamba moyo ulimdunda, na kwa siku kadhaa hakujiweza kwa furaha. Vulcan ikafutwa vitabuni.

Kwa hiyo Uranus ilipokwenda kombo, kanuni ilikuwa sahihi na kitu kilichokuwa hakijaonwa ndicho kilichokosekana. Utaridi ilipokwenda kombo, vitu vyote vilikuwa vimeshaonwa na kanuni ndiyo iliyohitaji kubadilishwa.

Na leo? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanaastronomia wa Marekani Vera Rubin, pamoja na mwenzake Kent Ford, walipima mwendo wa nyota na gesi katika galaksi ya Andromeda, baadaye katika galaksi nyingine nyingi. Walitarajia kwamba zilizo pembezoni zitakwenda polepole kuliko zilizo ndani, kama sayari za mbali zinavyokwenda polepole kulizunguka Jua. Hazikupunguza mwendo. Kwa kasi ile zilitakiwa kutawanyika, na hazitawanyiki. Wanasayansi wengi wanasema kuna mata isiyoonekana inayozishikilia, nyingi kuliko yote tunayoiona, na maabara zimejengwa chini kabisa ya milima ili kuinasa hata chembe moja. Haijanaswa. Wachache wanasema hakuna cha kunaswa, kanuni ya mvutano ndiyo inayohitaji kuandikwa upya. Huko Chile, juu ya mlima, kuna kituo kipya cha darubini kilichopewa jina la Rubin. Picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025, na kitaendelea kuipiga picha anga ile ile usiku baada ya usiku, ili kila picha ilinganishwe na zilizoitangulia.