Arosto Ikiisha, Hatari Ipo Palepale

Mwaka 2010 polisi walikamata kilo 95 za heroini mkoani Tanga. Miaka minne baadaye manowari ya Australia, Darwin, ilinasa zaidi ya tani moja ndani ya jahazi nje ya Mombasa. Mzigo wa namna hii hutoka Afghanistan, hupakiwa pwani ya Makran, kisha hutafuta fukwe zetu, zenye njia za panya nyingi kuliko doria. Basi teja wa Tanga, kwa kawaida, ni mtumiaji wa heroini. Kokeini ya Amerika Kusini ni ghali. Kwetu zaidi hupita tu.

Kwa familia, tofauti hiyo ina uzito. Kokeini humchangamsha mtu kwa muda mfupi, hubana mishipa ya moyo na huweza kumwangusha hata kijana mzima wa afya. Mpaka sasa haina dawa mbadala iliyothibitishwa. Heroini hutuliza, na ikizidi hukata pumzi. Mwili ukishaizoea, ukiikosa huja arosto: mifupa inauma, tumbo linaendesha, kamasi zinachuruzika, usingizi haupatikani. Anayeiba sufuria ya mama yake saa hiyo hatafuti starehe, anakimbia maumivu.

Wazazi wengi hukosea hapa, tena kwa nia njema. Humfungia kijana chumbani, au humpeleka kwa mjomba Lushoto akalime. Arosto kali huisha kwa wiki moja hivi, kijana akanenepa, watu wakamshukuru Mungu. Kumbe mwili umeshapoteza ule ustahimilivu wake, na hamu haijaondoka. Akirudi maskani akatumia kiasi kilekile alichokimudu zamani, anaweza kufa papo hapo. Anayetoka gerezani yumo katika hatari hiyohiyo.

Heroini, tofauti na kokeini, ina dawa mbadala: methadoni. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na huzuia arosto kwa saa 24 hivi bila kumlewesha aliyepimiwa dozi sawasawa. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011. Siku hizi inatolewa hata katika Hospitali ya Bombo, Tanga. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sikubaliani nao. Anayekunywa dawa anaamka akaenda kazini, na hachangii sindano yenye virusi vya UKIMWI au homa ya ini.

Mwenye kijana wa aina hii nyumbani, mfikishe Bombo kwanza. Shamba la mjomba litamngoja.