Miguu Ikiwaka Moto, Pima Kabla ya Kumeza Vitamini

Mtu mwenye kisukari akianza kuhisi nyayo zinawaka moto usiku, au miguu imekufa ganzi kiasi kwamba ndala inamvuka naye hana habari, mara nyingi huanzia duka la dawa. Hueleza shida yake, akapewa vidonge vya vitamini B na kuambiwa kuwa ni vya mishipa. Vidonge hivyo vyaweza kumfaa, vyaweza kupita mwilini bila faida, na vyaweza pia kumwongezea ugonjwa uleule. Kati ya matatu hayo, hakuna ajuaye lipi litampata mpaka apimwe.

Mishipa ya fahamu, yaani neva, inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda miguuni ndiyo mirefu kuliko yote mwilini, na ndiyo inayotangulia kudhurika. Kwa sababu hiyo dalili huanzia kwenye vidole vya miguu yote miwili, zikapanda polepole hadi usawa wa soksi, na vidole vya mikono hufuata baadaye. Karibu nusu ya watu wenye kisukari hupatwa na hali hii wakati fulani wa maisha yao. Ikiwa ganzi iko mguu mmoja tu, au imepanda kwa siku chache ikiandamana na miguu kukosa nguvu, hapo pana jambo jingine. Mgonjwa awahi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

Tuanze na sukari. Ikikaa juu kwa miaka, huidhuru mishipa ya fahamu yenyewe pamoja na vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Watu wazima wengi hushauriwa sukari yao ya asubuhi kabla ya kula iwe kati ya milimoli 4.4 na 7.2 kwa lita, ibaki chini ya 10 saa mbili baada ya mlo, na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kiwe chini ya asilimia 7. Mzee, au mtu ambaye sukari yake hushuka ghafla mara kwa mara, hupangiwa lengo lililolegea zaidi.

Faida ya kufuata malengo hayo si sawa kwa kila mgonjwa. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993 ulifuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, na waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipunguza hatari ya ugonjwa wa neva kwa asilimia 60 hivi. Katika aina ya pili, iliyo ya kawaida zaidi kwetu, faida ni ndogo kuliko hiyo, kwa kuwa unene, presha na mafuta ya damu navyo vina mkono wake. Anayedhibiti sukari tu huku presha yake ikipanda na sigara haijamtoka mdomoni ametibu sehemu ya tatizo.

Tena, kushusha sukari kwa pupa kuna gharama yake. Tangu mwaka 1933 madaktari wameandika kuhusu wagonjwa walioanza insulini, sukari ikatulia, kisha miguu ikaanza kuuma kuliko mwanzo. Mtu aliyekuwa na HbA1c ya 12 akishuka hadi 8 ndani ya miezi mitatu yumo katika hatari hiyo. Maumivu hayo hupungua kwa wengi baada ya miezi kadhaa, ingawa kuna wanaoteseka hadi mwaka au zaidi. Mgonjwa asiyeelezwa hili huona insulini ndiyo inayomuua, akaitupa. Asiitupe: amweleze daktari, ili maumivu yatibiwe na mwendo wa kushusha sukari upangwe upya.

Sukari hushuka kwa pupa pia kwa anayemeza glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, halafu akaruka mlo, au akafunga Ramadhani bila kupangiwa upya dozi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 tayari imeshuka mno, na mtu mwenye ganzi anayepata kizunguzungu huanguka upesi, maana nyayo zake hazimwambii vizuri amesimama wapi.

Sasa vitamini. Metformin, dawa ambayo wengi huanzishiwa, hupunguza uwezo wa utumbo kufyonza vitamini B12. Ini huweka akiba ya vitamini hiyo ya kutosha miaka kadhaa, hivyo upungufu huchelewa kujitokeza, na hatari huongezeka kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka inavyosonga. Dalili zake ni ganzi, kuchomachoma na kuyumba katika kutembea, mambo yaleyale yanayoletwa na kisukari, kwa hiyo ni rahisi kila kitu kutwishwa sukari. Damu inaweza isionyeshe upungufu wowote wa wekundu huku neva zikiendelea kuharibika. Vidonge vya asidi ya foliki navyo huweza kurekebisha damu na kuficha upungufu wa B12 unaoendelea kuzila neva.

Kwa hiyo aliyetumia metformin kwa miaka, hasa mwenye ganzi, anastahili kupimwa B12. Kiwango kilicho chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu. Kati ya 200 na 300 kinatia shaka na huhitaji kipimo cha ziada au uamuzi wa daktari. Ukitangulia kumeza vidonge kabla ya kupima, jibu litapanda na ukweli utapotea. Upungufu ukithibitika, hutibiwa kwa sindano au kwa vidonge vya dozi kubwa, bila kuacha metformin kiholela.

Kwenye sahani, B12 hutoka kwa wanyama: maini, nyama, samaki, mayai, maziwa, na dagaa. Mchicha na maharage vina mema yake mengi, ila B12 havina. Asiyekula kabisa vitu vya wanyama anahitaji nyongeza hata kama hana kisukari.

B6 ndiyo inayowashangaza wengi. Mwili wa mtu mzima huhitaji kama miligramu 1.3 hadi 1.7 kwa siku, lakini katika vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 si ajabu kukuta miligramu 100 au 200 za B6 katika kidonge kimoja. B6 ikizidi kwa muda mrefu hudhuru neva, na dalili yake ni ileile ganzi ya miguu; mgonjwa huongeza vidonge akidhani dozi haitoshi. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliweka ukomo wa miligramu 12 kwa siku. Kwa upande mwingine, anayetibiwa kifua kikuu kwa isoniazidi huhitaji B6, kwa kuwa dawa hiyo huipunguza, na kisukari chenyewe huongeza hatari ya kifua kikuu. Huyo afuate dozi aliyopangiwa kliniki, asiongeze nyingine ya dukani.

Sukari na vitamini hukutana hata maabara. Upungufu wa madini ya chuma au B12 unaweza kuipandisha HbA1c kuliko hali halisi, nayo selimundu huishusha, kwa kuwa kipimo hicho hutegemea umri wa chembe nyekundu za damu. Kama jibu la maabara halifanani na vipimo vyako vya kidoleni, usibadilishe dozi kwa karatasi moja.

Siku ya kliniki, beba vidonge vyote unavyomeza, vya hospitali na vya dukani, pamoja na paketi zake. Omba miguu ichunguzwe bila soksi, uliza B12 yako ni ngapi, na hesabuni pamoja miligramu za B6. Kila siku kagua nyayo, usitembee peku, na maji ya kuoga uyapime kwa kiwiko, kwani mguu wenye ganzi huungua kimyakimya. Neva iliyokwisha kufa ni vigumu kuirudisha. Iliyobaki hulindwa na viwango vya wastani, na kiwango hakijulikani kwa kubahatisha.