Kifua kinachobana kabla ya Alfajiri

Huenda umewahi kuamshwa na kifua kinachobana kabla ya adhana ya Alfajiri. Baada ya dakika chache kikaachia. Ukasema ni gesi, ukaenda zako msikitini.

Mishipa inayolisha moyo ina utando laini kwa ndani, unaotoa kemikali iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huilegeza mishipa hiyo ili damu ipite. Kwa baadhi ya watu utando huo umedhoofika. Mshipa hukaza ghafla, hata mtu akiwa amelala, na moyo ukakosa damu. Daktari Prinzmetal wa Marekani aliieleza hali hii mwaka 1959. Sigara ni miongoni mwa vichochezi vyake vikubwa.

Taabu ni kwamba ukifika Temeke au Mwananyamala saa nne asubuhi, mshipa umekwisha kulegea, na kipimo cha umeme wa moyo chaweza kuonyesha huna kitu. Usirudi nyumbani kimya. Mweleze daktari maumivu yalianza saa ngapi na yalidumu muda gani. Akiona haja atakuandikia uende Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Dawa za kulegeza mishipa zipo. Lakini yasipoachia, au yakija na jasho jingi, usingoje kukuche. Waamshe wa nyumbani, itafutwe gari usiku huo huo.