Mafua si ya kununulia kapusule, lakini pumzi ya mtoto inahesabika

Tangu mwezi wa tano upepo wa kusini unapiga toka ziwa, vumbi inaruka ku njia, na karibu kila nyumba ya Kalemie ina mtu anayepiga chafya. Njo wakati tunasikia: "Mafua ilinikamata juu ya upepo." Mvua ikirudi mwezi wa kumi, wimbo unabadilika kidogo tu: "Nilinyeshewa ku shamba." Halafu mtu anapita ku kiduka cha dawa, ananunua kapusule nne za ampi ao za tetra, mbili za asubuhi na mbili za mangaribi. Siku ya saba anapona, na anaambia jirani: ampi ilinisaidia.

Angepona siku hiyohiyo bila ampi. Feza ya kapusule imetoka ku mfuko bure. Na hiyo ingekuwa hasara ndogo tu, kama si kwamba mtu huyohuyo, mtoto wake akianza kukohoa na kupumua mbio, atasema "ni mafua tu" na atangoja. Hapo hatuzungumzii tena hasara ya makuta.

Tuanze na mafua yenyewe. Mafua yanaletwa na virusi, na aina za virusi vinavyoweza kuyaleta ni zaidi ya 200. Ndiyo maana hatuzoei: mwili unajifunza kupigana na kimoja, kesho kinakuja kingine. Mtu mzima anapata mafua mara mbili ao tatu kwa mwaka, mtoto mdogo mara sita, nane, hata zaidi. Kwa kawaida yanaisha kwa siku saba mpaka kumi. Kikohozi kinaweza kubaki nyuma wiki mbili ao tatu, bila kuwa na ubaya.

Mkulima wa muhogo anajua virusi kuliko anavyofikiri. Majani yakijikunja na kupata madoa ya njano, tunasema ni mozaike. Nani amewahi kuponyesha mozaike kwa kupulizia dawa? Hakuna. Tunang'oa mmea mgonjwa, tunatafuta mbegu safi. Kuku wakikamatwa na kideri ni vilevile: wako watu wanaofungua kapusule ya tetra na kuimwaga mu maji ya kuku, na kuku wanakufa, sababu kideri ni virusi, kinazuiliwa kwa chanjo mbele hakijafika. Ampi na tetra ni dawa za kuua bakteria. Ampi, kwa mfano, inabomoa ukuta wa bakteria. Virusi havina ukuta huo, basi dawa inapita na haikuti kitu cha kubomoa.

Inakuta kitu kingine, kwa bahati mbaya. Tumboni na kooni mwetu mna bakteria nyingi, na kila mara tukimeza kapusule nne na kuacha, zile dhaifu zinakufa, zenye nguvu zinabaki na kuzaana. Siku utakapopata kidonda kibaya ao mtoto atakapopata nimonia ya kweli, dawa inakuta bakteria zilizokwisha kuizoea.

Sasa baridi. Swali hili ni la zamani, na Wazungu pia walikuwa nalo. Uingereza, karibu na mji wa Salisbury, kulikuwa na nyumba ya uchunguzi wa mafua toka 1946 mpaka 1990. Watu wa kujitolea walikaa pale siku kumi hivi, na waganga wakawatia virusi puani. Mu miaka ya kwanza walijaribu jambo ambalo kila nyanya angependa kuliona: wengine waliogeshwa, kisha wakasimamishwa ku upepo wakiwa wamelowana. Wale waliolowana bila kupewa virusi hawakupata mafua. Bila mbegu, hakuna kinachoota, hata mvua inyeshe namna gani.

Lakini tusiwacheke nyanya zetu haraka. Mwaka 2005, mu mji wa Cardiff, watu 90 waliweka miguu mu maji ya baridi kwa dakika 20, na wengine 90 waliweka miguu mu beseni lisilo na maji. Mu siku zilizofuata, 13 wa maji ya baridi walisema wamepata mafua, na wa upande mwingine ni 5 tu. Pengine virusi vilikuwa vimekwisha kuingia mu pua zao na vimelala, baridi ikavipa nafasi. Pia imeonekana mu laboratware kwamba virusi vya mafua vinaongezeka vizuri zaidi mu hewa ya pua iliyopoa kuliko mu joto la ndani ya mwili. Kwa hiyo baridi inaweza kusaidia ugonjwa uliokwisha kuingia, lakini haiwezi kuuzaa. Anayeuzaa ni mtu mwenye mafua, na mikono yake, na chafya yake, hasa usiku wa kiangazi tunapokaa wengi mu nyumba moja yenye moshi na dirisha limefungwa. Kufungua dirisha kwa kuogopa kidogo upepo kunasaidia kuliko kulifunga. Kunawa mikono kwa sabuni kunasaidia zaidi.

Mambo mengine yanayosemwa yanapita haraka. Kamasi ikiwa ya kijani si alama ya kwamba sasa unahitaji ampi. Inabadilika rangi sababu askari wa mwili wanafanya kazi. Vumbi ya kupepeta mahindi na pilipili inayokaangwa vinatoa makamasi, lakini hayo si mafua na hayaambukizi. Kujifukiza na majani kunafariji, sawa, lakini tumeona watoto waliomwagikiwa maji ya moto. Mtoto asifunikwe na sufuria chini ya bulangeti. Ndimu na machungwa ni chakula kizuri, ila hayafukuzi mafua yaliyokwisha kuingia. Asali ya pori letu inatuliza kikohozi kweli, isipokuwa kwa mtoto asiyetimiza mwaka moja: huyo asipewe hata kidogo, sababu inaweza kumletea sumu mbaya. Kupumzika, kunywa maji, parasetamoli kama kichwa kinauma, basi.

Tufike pale penye uzito. Nimonia, wengine wanaiita kichomi, inaanza kama mafua: kamasi, kikohozi, homa kidogo. Tofauti inaonekana ku pumzi, na kwa kuiona hauhitaji kuwa munganga. Mungoje mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mufungue nguo, mutazame tumbo na kifua vikipanda na kushuka, na muhesabu dakika moja kamili. Si nusu dakika mara mbili, kwa sababu pumzi ya mtoto haiendi sawasawa. Telefone hata ile ndogo ya vidole ina saa ya kuhesabu.

Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 ao zaidi kwa dakika, ni hatari. Toka miezi miwili mpaka asitimize mwaka, mara 50 ao zaidi ni mbio. Toka mwaka moja mpaka mitano, ni 40 ao zaidi. Pumzi ikifika hesabu hiyo, mtoto aende ku kituo cha afya ao kwa relé wa kijiji mwenye dawa, siku hiyohiyo. Na kama kifua chini ya mbavu kinaingia ndani kila akivuta hewa, kama hawezi kunyonya ao kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, kama analala na kuamka ni kazi, musihesabu tena. Muende, hata usiku. Kwa nimonia, ile dawa ya kuua bakteria njo yenyewe, kwa kipimo chake na kwa siku zake zote. Hapo amoxicilline inaokoa maisha, na tunataka iwe bado na nguvu.

Kuna wawili wengine wanaovaa nguo ya mafua. Mmoja ni surua: mtoto ana kamasi, kikohozi, macho mekundu na homa kali, siku chache kisha vipele vinatoka usoni na kushuka. Epidemi ya mwaka 2019 na 2020 mu inchi yetu iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Chanjo yake inatolewa mtoto akiwa na miezi tisa. Mwingine ni malaria. Huku kwetu homa ya mtoto haiitwi mafua mbele ya kumupima damu, hata kama pua inatiririka.

Mtu atauliza: kwa nini mama ahesabu pumzi? Kazi hiyo si ya munganga? Ndiyo, kama angekuwa karibu. Tuelewe namna kazi ilivyopangwa. Kongo ina zone za afya zaidi ya 500, na kila zone ina hospitali kubwa moja ya kupokea wagonjwa wazito na vituo vingi vya afya. Kwa kawaida munganga anakaa ku hospitali. Ku kituo anayekupokea ni muuguzi, yule tunayemwita titulere. Kwa hiyo mtu wa kijiji cha ndani, upande wa Nyunzu ao Manono, anaweza kuishi miaka bila kuonana na munganga, na hakuna aliyekosea: ndivyo mti ulivyopandwa.

Ulipandwa zamani. Universite ya kwanza ya inchi, Lovanium, ilifunguliwa 1954 tu, na siku ya uhuru mwaka 1960 hakukuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye diploma kamili ya munganga. Kulikuwa na wasaidizi wa waganga, na makumi kati yao walitumwa Ufaransa kumaliza masomo. Leo inchi inatoa waganga kila mwaka, lakini wengi wanabaki Kinshasa, Lubumbashi na miji mingine, penye mshahara, umeme, na masomo ya watoto wao. Hatuwezi kuwalaumu kirahisi. Na sisi watoto wetu wakisoma hatuwaambii warudi kulima.

Hapa njo teknolojia inaingia, na inafaa tuipime bila kushangilia. Kalemie ina universite yake, UNIKAL. Mu universite za mikoa, namna ya kusoma ilikuwa ile tunayoijua: profesa anatoka mbali, anafundisha somo lote kwa siku chache, wanafunzi wananunua silabusi ya fotokopi na kuikariri. Mwezi wa tatu 2020, masomo yalipofungwa kwa sababu ya Covid, wengi walijifunza kwa lazima kutuma masomo ku telefone. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo mpya wa LMD unamtaka mwanafunzi afanye kazi nyingi peke yake. Kitabu cha mwili wa mtu kinaingia mu telefone, profesa anaweza kufundisha akiwa Lubumbashi. Hiyo ni faida ya kweli kwa mtoto wa mkulima, na ni faida yetu pia: Shirika la Afya Duniani, mu maagizo yake ya 2010 na ya 2021, linasema wanafunzi waliotoka vijijini njo wenye nafasi kubwa ya kurudi kufanya kazi vijijini.

Lakini telefone inakula megabaiti, na megabaiti inakula muhogo. Na kuna masomo yasiyoingia ndani yake. Kupasua mama aliyeshindwa kuzaa hakujifunzwi ku video, wala kushika tumbo na kujua wini umevimba. Kwa hiyo ukiuliza munganga wa telefone atatujazia vijiji lini, jibu letu ni kwamba hatatujazia karibuni.

Faida ya haraka iko pengine, kwa muuguzi ambaye tayari yuko nasi. Ku Burkina Faso vituo vingi vya afya vinatumia tablete inayomwongoza muuguzi swali kwa swali mbele ya mtoto mgonjwa: hesabu pumzi, uliza kama ananyonya, tazama kifua. Huku, titulere mwenye neti anaweza kupiga picha ya kidonda na kuituma kwa munganga wa hospitali. Hata bila neti, simu ya dakika mbili mbele ya kupandisha mgonjwa ku moto inafanya hospitali ingoje ikiwa tayari. Tujihadhari tu na telefone hiyohiyo inapotuletea ku WhatsApp dawa za ajabu za kuponyesha kila kitu. Ujumbe usio na jina la aliyeutoa, tusiupeleke mbele.

Koperative inaweza kufanya kitu mu mkutano ujao, kwa nusu saa. Namba ya titulere na ya relé ziandikwe ku ukuta wa depo, karibu na bei za mahindi, kila mtu azione. Mu AVEC, ile kasha ya soshale itengewe kiasi cha kulipa moto ya usiku, na mukubaliane mapema ni nani anaendesha na anakubali kulipwa kesho yake. Halafu mama mmoja alete mtoto wake mwenye afya, wote wachukue telefone, na muhesabu pumzi zake dakika moja. Mara ya kwanza mutatofautiana: mmoja 28, mwingine 35. Murudie mpaka hesabu zikaribiane. Mtoto akicheka, mungoje anyamaze, muanze tena.