Moshi Uliowaponza Askari wa Tanga

Mwanafunzi akiulizwa kuhusu vita vya Tanga vya Novemba 1914, atataja Lettow-Vorbeck na nyuki, basi. Ni nadra mwalimu kutaja moshi.

Askari wengi Waafrika katika jeshi la Wajerumani walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Maganda ya risasi zake yalishindiliwa baruti nyeusi, yaani shura, makaa na salfa. Baruti hiyo ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka masizi na moshi mweupe mzito. Masizi hayo hunyonya unyevu na kuleta kutu. Ndiyo sababu wapenzi wa bunduki za kale huko Marekani, ambao hujaza upya maganda yao wenyewe, huyaosha upesi baada ya kulenga shabaha.

Lakini askari wetu hakuwa michezoni! Kila alipofyatua, wingu lilimwonyesha adui mahali alipojificha. Wajerumani walikuwa na bunduki zisizotoa moshi tangu 1888. Mbona hawakumpa? Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika kwamba wengi waliiona ile ya zamani kuwa yamfaa zaidi askari mweusi, kwa kuwa hadi hapo alipigana na wenyeji tu, na mbele yao moshi haukudhuru kitu. Yaani alikuwa amepewa silaha ya kuwapigia ndugu zake.

Huko Tanga waliteka bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu, pamoja na risasi 600,000. Zilikuwa za Waingereza.