Mazembe, Klabu Inayojua Kurudi

Hadithi, hadithi! Itikieni "hadithi njoo", lakini ule "uongo njoo" leo tuuache nje ya mlango. Haya ninayowasimulia yalitokea kweli, na baadhi ya waliokuwepo bado wanatembea mitaani Lubumbashi. Sogeeni basi, niwape kisa cha Tout Puissant Mazembe, klabu iliyopanda hadi juu kabisa Afrika, ikaanguka, ikapotea kwa muda mrefu, kisha ikarudi na kufika mahali ambapo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika.

Lubumbashi uko kusini mwa Kongo, karibu na mpaka wa Zambia. Ni mji wa shaba. Watu walikuja kutoka kila upande kufanya kazi machimboni na katika reli, na wengi wao wakazungumza Kiswahili ili waelewane. Zamani, Wabelgiji walipotawala, mji huo uliitwa Élisabethville. Mwaka 1939 wamisionari Wabenedikto waliokuwa wakiendesha shule ya Saint-Boniface waliona kwamba wanafunzi wasiosomea upadri wanahitaji jambo la kufanya baada ya masomo. Wakawaundia timu ya mpira, wakaiita Saint Georges.

Angalieni mwanzo wenyewe: hakuna tajiri, hakuna uwanja mkubwa, ni watoto wa shule tu na mpira wao. Mwaka 1944 jina likabadilishwa kuwa Saint Paul. Baadaye walipoingia wachezaji ambao si wanafunzi, wamisionari wakaachia uongozi, na timu ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi iliyoifadhili. Ilipotwaa ubingwa bila kupoteza hata mechi moja, ikaongezewa sifa ya Tout Puissant, yaani Wenye Nguvu Zote. Ndiyo hizo herufi TP mnazoziona mpaka leo.

Kongo ikapata uhuru mwaka 1960. Mwaka 1966 Englebert ilizoa makombe matatu kwa msimu mmoja: ligi ya taifa, Kombe la Kongo na Kombe la jimbo lake la Katanga. Hapo ikawa tayari kuikabili Afrika nzima.

Mwaka 1967 ilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza ilikwisha 1-1, ya marudiano 2-2. Siku hizo mambo hayakuamuliwa kwa penalti, hivyo ikapangwa mechi ya tatu. Kotoko hawakutokea, na kombe likapewa Englebert. Najua mnachotaka kuuliza: je, ubingwa wa namna hiyo ni ubingwa kweli? Kwa sheria, ndiyo. Lakini jibu lililo bora zaidi walilitoa wachezaji wenyewe mwaka uliofuata. Waliichapa Étoile Filante ya Togo mabao 5-0 nyumbani, wakafungwa 4-1 ugenini, na kwa jumla ya 6-4 wakawa klabu ya kwanza kuutetea ubingwa wa Afrika.

Mwaka huohuo wa 1968, taifa lao lilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Addis Ababa kwa kuifunga Ghana 1-0. Bao hilo alilifunga Pierre Kalala, mshambuliaji wa Englebert.

Walicheza fainali nyingine mbili mfululizo. Mwaka 1969 walishindwa na Ismaily ya Misri. Mwaka 1970 wakakutana tena na Kotoko, na safari hii Waghana walifika. Baada ya sare ya 1-1 Kumasi, Kotoko walishinda 2-1 Kinshasa, mbele ya Wakongo wenyewe. Fainali nne katika miaka minne, makombe mawili. Mpira ulikuwa umewapa na kuwanyima kwa kipimo kilekile.

Kisha zikaja nyakati za mabadiliko. Élisabethville ilikuwa imekwisha kuwa Lubumbashi tangu 1966. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliipa nchi jina la Zaire, na majina ya kigeni yakaondolewa kila mahali. Englebert nayo ikawa Mazembe. Mwaka 1980 ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa kuishinda Africa Sports ya Ivory Coast, na hapo ndipo giza lilipoingia.

Tangu mwaka huo, Mazembe haikupata tena kombe la Afrika kwa miaka 29. Mtoto aliyezaliwa siku ya ubingwa ule alikua, akasoma, akaoa, akapata watoto wake, bado hajaiona timu yake ikinyanyua kombe la bara. Sababu hazikuwa uwanjani peke yake. Machimbo yaliyoulisha mji yalidorora, fedha ya nchi ikapoteza thamani, na katika miaka ya 1990 vita vikaingia. Klabu hula kile ambacho mji wake unakula. Hata hivyo, mashabiki wenye jezi za mistari nyeusi na nyeupe hawakuondoka. Watu hao wa miaka ya njaa ndio ninaowaheshimu kuliko wote katika kisa hiki, kwa sababu bila wao pasingekuwa na kitu cha kufufua.

Mwaka 1997 Moïse Katumbi, mfanyabiashara wa huko huko Katanga, akawa rais wa klabu. Alileta fedha, lakini fedha peke yake hazichezi mpira. Jambo kubwa lilikuwa hili: wachezaji walilipwa vizuri kiasi cha kutokimbilia Ulaya kwa ofa ya kwanza. Timu ikakaa pamoja miaka kadhaa, watu wakajuana, na nahodha Trésor Mputu akawa mmoja wa washambuliaji hatari kabisa barani.

Mwaka 2009 wakafika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Heartland ya Nigeria. Walifungwa 2-1 ugenini, wakashinda 1-0 Lubumbashi. Jumla ikawa 2-2, na lile bao moja walilofunga Nigeria likawapa kombe, kwa sababu wakati huo bao la ugenini lilihesabiwa zaidi timu zikilingana. Miaka 29 ikafika mwisho.

Mabingwa wa Afrika huenda kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Mazembe wakaenda Abu Dhabi Desemba ile, wakafungwa na Pohang Steelers ya Korea Kusini, kisha wakafungwa na Auckland City ya New Zealand. Walirudi nyumbani mikono mitupu, na wengi wakasema kwamba ule ndio uwezo wao.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwaka 2010 walitwaa tena ubingwa wa Afrika kwa kuipiga Espérance ya Tunis 5-0 Lubumbashi na kutoka sare 1-1 Tunisia. Ikawa klabu ya kwanza kuutetea ubingwa huo katika vipindi viwili tofauti. Lakini walikwenda Abu Dhabi bila Mputu. FIFA ilikuwa imemfungia mwaka mzima kwa kumfanyia fujo mwamuzi katika Kombe la Kagame mjini Kigali. Timu bila nahodha wake, katika mashindano yaliyowaaibisha mwaka mmoja tu nyuma: nani angewapa nafasi?

Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Pachuca ya Mexico. Mbenza Bedi akafunga, ikaisha 1-0. Nusu fainali wakakutana na Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika Kusini. Wabrazili walishambulia wimbi baada ya wimbi, na kila mara kipa Robert Kidiaba, mwenye nywele za kusuka, aliruka na kuokoa. Dakika ya 53 Mulota Kabangu akatikisa nyavu. Dakika ya 85 Dioko Kaluyituka akaongeza la pili. Kidiaba akakaa chini kwenye nyasi, akanyoosha miguu na kuanza kurukaruka kwa makalio, akisonga mbele uwanjani kama kawaida yake. Watu wa mabara yote waliuona ushangiliaji ule, na watoto wakauiga.

Mpaka siku ile, hakuna timu kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini iliyokuwa imecheza fainali ya dunia ya klabu. Tarehe 18 Desemba 2010 Mazembe ikasimama mbele ya Inter Milan ya Italia. Ilifungwa 3-0, na moja ya mabao hayo alilifunga Mwafrika, Samuel Eto'o wa Kamerun. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa, na miaka mitatu baadaye Raja Casablanca ya Morocco ikapita humohumo.

Mwaka 2011 Mazembe iliitoa Simba ya Tanzania katika Ligi ya Mabingwa. Simba ikakata rufaa kwamba wapinzani wao wamemtumia mchezaji asiyeruhusiwa. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, likakubali, na bingwa mtetezi akaondolewa mashindanoni. Liwekeni hili kichwani: ukubwa wa jina haukuondolei wajibu wa kufuata kanuni za usajili.

Katika mechi hizo, hata hivyo, Mazembe ilimwona kijana wa Simba aliyeitwa Mbwana Samatta. Ikamsajili mwaka huohuo, na Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu naye akajiunga. Mwaka 2015 Mazembe ikafika fainali tena, dhidi ya USM Alger. Samatta alifunga katika mechi zote mbili, Mazembe ikashinda 2-1 Algeria na 2-0 nyumbani, likawa kombe lake la tano la Klabu Bingwa. Januari 2016 Samatta akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, kisha akahamia Genk ya Ubelgiji na baadaye Aston Villa ya Uingereza. Kijana wa Mbagala alipanda ngazi yake Lubumbashi, katika mji unaoielewa lugha ya mama yake.

Baada ya hapo Mazembe ilitwaa Kombe la Shirikisho mara mbili mfululizo, 2016 na 2017. Ukiongeza Super Cup za 2010, 2011 na 2016, makombe ya Afrika ya wanaume yanafika 11. Klabu ina uwanja wake yenyewe huko Kamalondo na chuo cha soka cha kulea watoto. Novemba 2024 timu ya wanawake ya Mazembe ikatwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika kwa kuifunga AS FAR ya Morocco 1-0 nchini kwao Morocco. Wasichana wa Lubumbashi nao sasa wana kombe la kulielekezea kidole.

Kwa hiyo, wanangu, mkitaka kuijua klabu yenu, iwe Yanga, Gor Mahia, Vipers au timu ya kata, msihesabu makombe peke yake. Ulizeni: inafundisha watoto wapi? Wachezaji wake wanalipwa kwa wakati? Ilipofungwa vibaya mara ya mwisho, ilibadilisha nini? Mazembe ya 2009 ilipoteza mechi zote mbili Abu Dhabi, na ya 2010 ikacheza fainali palepale. Ilipita miezi 12 tu, lakini matayarisho yake yalianza zaidi ya miaka kumi nyuma, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiitazama.