Chura wa Karatasi Aendaye Ukweni

Sanamu ya karatasi yawezaje kutembea? Fundi huikata kwa makasi, kichwa mbali, miguu mbali. Huisogeza kidogo, huipiga picha, kisha huisogeza tena. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, yaani 1,440 kwa dakika moja. Kazi hiyo haimfai mwenye haraka!

Jean-Michel Kibushi, mwanafunzi wa sanaa mjini Kinshasa, alianzisha studio yake, Malembe Maa, mwaka 1988. Mwaka 1991 alitoa filamu ya chura aliyewaendea wakwe zake, hadithi ya Watetela. Masimulizi ya namna hiyo hukaa midomoni mwa wazee, nao wazee hufa. Sasa hata mtoto wa mjini asiyejua Kitetela aweza kumwona chura yule akishika njia ya ukweni.